Deni la Angel Liko kwa Holtz

Tamthilia nyingi za mizimu zina huruma ya haraka. Marehemu anazurura kwa sababu kuna barua haikufika, au mke hakuagwa, au mtoto hakuambiwa baba yake ni nani. Anatokea mwenye kipaji cha kuona wafu, anamsikiliza, anapeleka ujumbe, mwanga unashuka, marehemu anaondoka zake kwa amani, na sisi tunafuta machozi kabla ya tangazo la sabuni. Wiki inayofuata anakuja mzimu mwingine na barua yake. Sina ugomvi na hadithi hizo, na mama zetu wanazipenda. Tatizo langu ni kwamba jambo lililoachwa njiani linahesabiwa kuwa ujumbe tu: ukifika, limekwisha. Hakuna aliyedhulumiwa anayeulizwa kama ameridhika.

Angel haikupita njia hiyo. Ni tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia Oktoba 1999 hadi Mei 2004, misimu 5, sehemu 110, ikiwa imechipuka kutoka tamthilia nyingine, Buffy the Vampire Slayer. Kwa wenyewe ni kitu cha zamani. Hapa Lindi tamthilia haizeeki hivyo. Kijana anakwenda kwa anayejaza flashi, anachukua kilichopo, na kilichopo kikiwa kizuri mtaa mzima utakiona. Sasa hivi vijana wa Mtanda, ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa ilipofika mwisho, wanamgombania barazani mhusika wake mkuu, mnyonya damu aitwaye Angel. Upande mmoja unasema Angel ametubu, aachwe. Upande wa pili unasema muuaji ni muuaji. Naona pande zote mbili zinamkodolea macho asiyekuwa na jibu. Mwenye jibu ni aliyedhulumiwa na Angel, anaitwa Daniel Holtz, na karibu hakuna anayempenda.

Nimweleze Angel kwanza, kwa ambaye hajaiona. Alizaliwa Galway, Ireland, mwaka 1727, jina lake Liam, kijana wa pombe na wanawake, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa ambaye hakuchoka kumwambia kwamba hatakuwa mtu wa maana. Mwaka 1753 mwanamke aitwaye Darla alimng'ata akamfanya mnyonya damu. Hakukawia kurudi nyumbani kwao akaua familia yake, baba akiwemo. Kwa karibu miaka 150 akajulikana kwa jina la Angelus, na kuua kwake hakukuwa kwa njaa peke yake, kulikuwa na ufundi na starehe ndani yake. Binti mmoja wa London, Drusilla, alimuulia watu wake wote, akamtia wazimu, na siku binti huyo alipokuwa anaweka nadhiri za utawa akamgeuza kuwa kama yeye. Mwaka 1898 akaua binti mpendwa wa ukoo wa Kalderash, wa jamii ya Roma (wale wanaoitwa Gypsy) huko Romania. Wazee wa ukoo hawakumuua. Walimrudishia roho.

Hapo ndipo mtazamaji wa huku anapoteleza. Tukisikia mtu amerudishiwa roho tunadhani karehemewa. Waliofanya hivyo hawakuwa na rehema hata chembe. Walitaka akumbuke kila uso. Wakaongeza na sharti: siku akipata furaha kamili, hata ya dakika moja, roho inamtoka na Angelus anarudi. Ilishatokea, kule kwenye Buffy, na mmoja wa waliouawa safari hiyo alikuwa mwalimu wa kike wa ukoo uleule wa Kalderash, aliyekuwa anatafuta namna ya kumrudishia roho yake. Kwa hiyo tunapomkuta Angel Los Angeles, amefungua kiofisi cha kusaidia wanyonge, tusimwone kama mtu aliyeamka asubuhi akaamua kuwa mwema. Ni mfungwa aliyeamua kufanya kazi.

Watu wa pwani tulikuwa na mnyonya damu wetu kabla ya hawa wa flashi, tukimwita mumiani. Habari zake zilitembea Afrika Mashariki nzima enzi za ukoloni: gari la usiku, watu wanaopotea, damu inayotolewa na kupelekwa kusikojulikana kutengenezewa dawa. Mumiani hana sura nzuri, hana koti refu jeusi, hana mpenzi anayemlilia. Ana mwajiri. Hilo ndilo lililowatisha bibi zetu, kwamba nyuma ya mnyonyaji kuna mtu mwenye ofisi anayepokea mzigo. Waandishi wa Angel wanalijua hilo kwa namna yao, maana adui mkubwa wa tamthilia nzima ni Wolfram & Hart, ofisi ya mawakili inayowatetea mashetani mahakamani na kuwaandikia mikataba. Kwangu hao wanatisha kuliko jitu lolote lenye pembe. Lakini sitakaa sana hapo.

Mwisho wa msimu wa kwanza unaibuka utabiri unaoitwa Shanshu: mnyonya damu mwenye roho, akishapita vita na majanga yaliyoandikwa, atakuwa binadamu. Atapumua, atazeeka, atakufa kama watu. Utabiri huo ni sumu, na waandishi walijua ni sumu. Kuanzia siku ile wema wa Angel una malipo mbele yake. Anaokoa mtu, na pembeni ya akili kuna mizani inayopanda na kushuka. Wengi wa barazani wanaukubali utaratibu huo bila kuuliza: ameua elfu, akiokoa elfu na moja yuko huru.

Hesabu hiyo ina kasoro moja, nayo inajulikana na kila aliyewahi kuhudhuria mazishi ya Waislamu kusini huku. Kabla jeneza halijainuliwa husimama mtu wa familia akasema marehemu alikuwa binadamu, aliowakosea wamsamehe, na kama kuna anayemdai aje kwa ndugu. Haulizi marehemu alisaidia wangapi. Katika mirathi nako, ukishatoa gharama za mazishi linafuata deni, kisha wasia, ndipo warithi waguse chochote. Masharti ya toba yanafundishwa madrasa tangu utotoni: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia. Hayo matatu yanatosha kama jambo ni baina yako na Mungu. Likiwa ni haki ya mja linaongezeka la nne, urudishe ulichochukua au umwombe mwenyewe akuachie. Mwenyewe. Huwezi kuiba mbuzi wa jirani wa kushoto ukampa jirani wa kulia mbuzi wawili, kisha ukadai mmelingana.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Masasi na Mwanglikana wa kuzaliwa, aliponisikia nikilisema hili alinijia juu kwamba nimesahau neema, kwamba kama wokovu ungesubiri wadai waridhike hakuna ambaye angeokoka. Nikamuuliza kuhusu Zakayo. Mtoza ushuru yule, Yesu alipofika nyumbani kwake, hakuishia kulia. Alisimama akasema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Mwalimu alicheka, akasema Zakayo alikuwa na bahati, wadai wake walikuwa mjini Yeriko palepale, anawajua kwa majina. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hapo amegusa ugumu wenyewe. Wadai wa Angel ni wafu. Amewaua yeye.

Sasa anaingia Holtz.

Katika msimu wa tatu tamthilia inafanya jambo ambalo sijaliona kwingine likifanywa kwa ujasiri kiasi hicho: inamleta mdai akiwa hai. Holtz alikuwa mwindaji wa wanyonya damu katika Uingereza ya karne ya 18. Angelus na Darla waliingia nyumbani kwake akiwa hayupo, wakaua mkewe na mtoto mchanga. Binti yake mdogo hawakumuua. Walimgeuza, wakamwachia baba. Holtz akamshika mwanawe kwa mikono yake akamtupa kwenye jua. Miaka baadaye shetani mmoja mwenye sababu zake akampa nafasi ya kulazwa usingizi wa zaidi ya karne mbili ili aamke Los Angeles mwaka 2001 na kulipiza. Alikubali. Akaamka na hasira ileile, kwa sababu kwake yeye ilikuwa jana.

Akaambiwa kwamba Angel huyu sasa ana roho, na habari hiyo haikumsogeza hata hatua moja. Vijana wa barazani wanamwona mkaidi kwa hilo. Mimi naona ni sentensi ya kweli kuliko zote zilizomo, ingawa hakuna aliyeitamka. Roho ya Angel ni habari njema kwa Angel. Ni habari njema kwa watu atakaowaokoa kesho. Kwa mtu aliyemchoma binti yake kwa jua haina kazi yoyote. Hata samahani ikitamkwa haina pa kutua.

Sisi wa kusini hatuna haja ya usingizi wa uchawi ili kulielewa hili. Vita vya Maji Maji vilianzia milima ya Wamatumbi, Kilwa, mwaka 1905, na Kinjikitile Ngwale akanyongwa na Wajerumani Mohoro mwaka uleule. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Ilikuwa miaka 118 tangu vita vianze. Waliomsikiliza ni wajukuu na vitukuu. Wapo waliotokwa na machozi, na wapo huku kwetu waliouliza, kwa haki kabisa, mjukuu anasamehe kwa niaba ya nani? Ndani ya mkoa huu wa Lindi iko Tendaguru, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi ikapakiwa meli. Mmoja wa wanyama wale amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Hilo ni jambo dogo mbele ya roho za watu, najua. Ila linasaidia kufikiri, maana mifupa ipo, inaonekana, mtu anaweza kusema irudi au ikae. Damu ya Wamatumbi haina hata hiyo nafuu. Mdai hayupo, na anayesimama mahali pake anasimama kwa kubahatisha. Holtz ni kile tunachokikosa: mdai mwenyewe, kwa miguu yake, anaingia mlangoni na kusema nimekuja.

Ndipo waandishi wakaogopa.

Angalia walichomfanya. Darla, kwa muujiza ambao tamthilia inautumia vizuri, anapata mimba ya Angel, na anajichoma kigingi mwenyewe uchochoroni ili mtoto azaliwe. Holtz anafika wakati huohuo, silaha mkononi, anamwona muuaji wa watoto wake amebeba mtoto. Anamwacha aende. Nilipoitazama sehemu ile nilidhani sasa tutapata kitu kikubwa: mdai aliyeona, anayetafakari, ambaye huenda atasamehe na huenda hatasamehe, na kila siku ya kungoja kwake ni kesi mpya. Kumbe alimwacha ili ampate vibaya zaidi. Anamteka mtoto, Connor, anaruka naye kwenye ulimwengu wa mashetani, anamlea humo kwa chuki, wanarudi baada ya muda mfupi wa huku mtoto akiwa kijana mzima. Kisha Holtz anamwomba mfuasi wake amuue kwa namna itakayofanana na kung'atwa, ili Connor aamini muuaji ni Angel. Connor anaamini, anamfungia baba yake ndani ya sanduku la chuma na kumzamisha baharini.

Kama mchezo wa kuigiza ni kazi kali, sina hoja. Kama fikra juu ya toba ni ujanja. Mdai amechafuliwa ili mdaiwa apumue. Holtz anapokufa kifo cha hila, sisi watazamaji tunashusha pumzi: aa, kumbe naye mbaya. Deni la mke, mchanga na binti wa miaka michache linafutika machoni petu bila kulipwa hata senti, kwa sababu tu mwenye deni alikosa adabu. Tunaufahamu mchezo huu nje ya televisheni. Mjane anayedai shamba la mumewe, akipandisha sauti kwenye kikao cha ukoo, ghafla kikao kinajadili sauti yake.

Kuna mahali tamthilia imefanya vizuri zaidi, tena bila kelele. Faith, msichana aliyepewa nguvu za kupambana na wanyonya damu akazitumia vibaya, ameua, na amemtesa Wesley, rafiki wa Angel, akiwa amemfunga kwenye kiti. Angel anamhifadhi. Wesley, majeraha bado mabichi, anapata nafasi ya kumkabidhi kwa watu waliotumwa kumchukua, na hakumkabidhi. Hakusema amesamehe, alikataa tu kumuuza. Mwisho Faith anaingia mwenyewe kituo cha polisi na kukiri. Anakwenda jela. Hakuna utabiri, hakuna ahadi ya kuwa binadamu, kuna kifungo na kufuli. Vijana wangu waliona sehemu ile imepoa. Mimi nilipenda kwamba mdai alikuwa chumbani wakati yote yanaendelea, na hakuna aliyemlazimisha kutabasamu.

Na kuna Spike, mnyonya damu mwingine, ambaye roho yake aliifuata mwenyewe kwenye pango la Afrika, ile Afrika ya sinema isiyo na nchi wala kituo cha basi. Katika msimu wa tano msichana mgonjwa wa akili aitwaye Dana anamkamata na kumkata mikono yote miwili, akiamini ndiye aliyemtesa utotoni. Siye. Spike anajua siye. Mikono ikiwa imeshaunganishwa, amelala kitandani, anamwambia Angel kwa namna yake kwamba binti hakukosea sana, kwa kuwa kama hakuiua familia ya binti huyo, ziko familia nyingine alizoziua kweli. Ni mazungumzo mafupi. Ndani yake kuna kitu ambacho hadithi ya Holtz ilikiacha: mdaiwa anayekubali kwamba mwenye maumivu ana haki ya kumshika hata akikosea jina.

Angel mwenyewe ana kisingizio ambacho Spike hakijali, nacho ni lile jina. Yale aliyafanya Angelus, hakuwa na roho. Barazani hiyo ndiyo hoja inayotoka kwanza kila mara. Basi na ieleze msimu wa pili, alipowakuta mawakili wa Wolfram & Hart wamefungiwa ndani na Darla na Drusilla wenye njaa, wanamwomba awasaidie, akafunga milango akaondoka. Alikuwa na roho siku hiyo. Alikuwa na akili timamu. Walikuwa watu wabaya, sawa, lakini wafu hao wako kwenye daftari lake kwa jina la Angel, na tamthilia, baada ya kumsulubu kidogo, iliendelea na mambo mengine.

Lipo pia la baba. Alipomuua baba yake alidhani amemshinda. Darla, ambaye katika tamthilia hii husema kweli mara nyingi kuliko watu wema, alimwambia kwamba ushindi wake umedumu dakika chache, ila baba atamshinda kwa maisha yote. Baba alisema hutakuwa mtu. Sasa nani atamwambia amekosea? Kila wema wa Angel, ukiukwangua, una kijana wa Galway chini yake anayetaka kuonekana na mzee aliyemziba macho mwenyewe.

Mwisho wa msimu wa nne Wolfram & Hart wanampa ofa. Aichukue ofisi yao yote ya Los Angeles, aiendeshe apendavyo. Wao watamfuta Connor kumbukumbu za mateso na kumpa familia ya kawaida, baba, mama, chuo. Anakubali. Mkulima yeyote wa korosho wa Mtwara au Lindi ataijua biashara hii: ni kangomba. Unabanwa na shida mwezi usio na mavuno, mtoto anatakiwa shule au hospitali, anakuja mtu mwenye fedha taslimu, anakupa kidogo leo, na korosho zikikomaa ni zake. Si kwamba mkulima hajui anaibiwa. Anajua, na mtoto anahitaji fedha leo. Ndiyo maana siwezi kumlaumu Angel kwa kutia saini, na ndiyo maana msimu wa tano wote unanuka mauzo: Angel anakaa juu ya ghorofa ya mwajiri wa mumiani, ana magari mengi, na kila anachokigusa kimeshanunuliwa.

Tunafika mwisho, ambao umeandikwa sana. Kituo kilitangaza Februari 2004 kwamba tamthilia haitaendelea, na waandishi wakaamua kuifunga bila kuifunga. Angel na wenzake wanawaua wakubwa wa genge la siri linaloendesha uovu duniani, wakijua watalipiziwa. Wesley anakufa. Waliobaki wanakutana uchochoroni, mvua inanyesha, jeshi linakuja na dragoni juu, Angel anawaambia waanze kazi, anainua upanga, giza. Wapo waliokasirika kwamba hatukuoneshwa nani kashinda. Zikaja hadithi za picha miaka michache baadaye zilizoendeleza mambo, lakini kwangu uchochoro ule ndio mwisho.

Hao wanaosema Angel alisafishwa na uchochoro ule, kwamba alikufa au alikuwa tayari kufa kwa ajili ya watu, wamekosea, na jibu lao liko kwenye hadithi ya Mtume iliyopokewa na Muslim: shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Kufa vizuri hakumlipi mtu uliyemchukulia chake. Mtume mwenyewe aliletewa maiti ya mtu mwenye deni la dinari chache akasita kumsalia, mpaka Abu Qatada aliposema deni hilo ni juu yangu. Dragoni hata awe mkubwa namna gani, Caroline, mke wa Holtz, hayupo upande wa pili wake.

Kilichonibadilisha mawazo juu ya mwisho huo ni jambo linalotokea kabla ya mvua, ambalo watazamaji wengi wanalipita. Ili genge lile limwamini, Angel anatakiwa atie saini kwa damu yake kwamba anauachia utabiri wa Shanshu. Hatakuwa binadamu, kamwe. Anasaini. Wachambuzi husema hapo ameonyesha kwamba sasa anatenda wema bila kutaka malipo, na ni kweli, nayo ni sifa nzuri. Ila iko hadithi nyingine ya Mtume, ya muflisi. Aliwauliza masahaba mnamjua muflisi ni nani? Wakasema asiye na fedha wala mali. Akawaambia ni yule atakayekuja Siku ya Kiama na sala zake na saumu zake na zaka zake, huku amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amemwaga damu ya huyu; basi huyu atapewa katika mema yake, na yule atapewa katika mema yake, mpaka yaishe.

Ukiisoma tamthilia kwa hadithi hiyo, sahihi ile inabeba uzito mwingine. Malipo anayoyaachia hayakuwa yake tangu mwanzo. Kila mtu aliyemwokoa Los Angeles kwa miaka mitano, thawabu yake ilikuwa inakwenda kwa Holtz, kwa mkewe, kwa binti wa Kalderash, kwa watawa na ndugu wa Drusilla, kwa mawakili wa kwenye chumba kile. Kosa la misimu minne iliyopita lilikuwa kuandika hesabu hiyo kwa jina la Angel na kumngojea afike jumla. Anaposaini, kwa mara ya kwanza mkono wake uko nje ya sahani. Sijui kama waandishi waliliona hivyo. Walikuwa wanataka kipimo cha uaminifu kwa ajili ya hila ya njama yao, wakapata kitu kizito kuliko walichokiomba.

Nililisema hili barazani. Kijana mmoja, fundi pikipiki, hodari wa kubisha, akaniuliza: Mzee, kama mdai amekufa, si mrithi wake ndiye mwenye haki ya kusamehe? Nikamwambia ndivyo, kwa haki ya dunia hii. Akauliza, sasa mrithi wa Holtz nani? Nikafungua mdomo kusema hana, watoto wake waliuawa, nikakaa kimya, kwa sababu jibu ni Connor.

Connor ni damu ya Angel na malezi ya Holtz. Najua sheria ya mirathi haimpi mtoto wa kulea fungu, na mtu mmoja barazani aliniwahi kulisema. Hapa hatugawi minazi. Katika dunia ile nzima aliyebaki anayeweza kumwita Holtz baba ni huyu, na aliyebaki anayeweza kumwita Angel baba ni huyuhuyu. Mdai na mdaiwa wameacha mtoto mmoja. Katika msimu wa tano kumbukumbu zake za kweli zinarudi, kuzimu, chuki, sanduku la baharini, vyote. Anakwenda ofisini kwa Angel kuaga, mpole, na anasema maneno machache: kwamba mtu hufanya awezalo kuilinda familia yake, na kwamba hilo alifundishwa na baba yake.

Baba yupi, hakusema. Angel anaichukua ile sentensi kuwa yake, uso wake unaonyesha, na wachambuzi wengi wamempa. Fundi pikipiki anampa Holtz, kwa hoja kwamba miaka kule kuzimu aliyemlinda mtoto ni Holtz, chuki au si chuki. Waandishi walikuwa na sehemu chache zilizobaki, na walizitumia kwa genge, kwa mvua na kwa dragoni. Sehemu moja ya kijana mmoja wa baba wawili, ambapo Connor angeulizwa uso kwa uso kama amemsamehe Angel kwa niaba ya Sarah, binti aliyetupwa juani, dada ambaye hakuwahi kumwona, haikuandikwa. Ningemtoa dragoni niipate hiyo bila kufikiri mara mbili, na nisingejali kama jibu lake lingekuwa hapana.